Theluthi ya shamba haipatikani kwa kamba peke yake



Ndugu zetu katika imani, aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa zimebainisha mafungu ya warithi, na watoto wetu wa madrasa wanayahifadhi: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Tatizo tunalokutana nalo katika vikao vya mirathi hapa Singida halimo katika mafungu hayo. Limo shambani, pale theluthi iliyotajwa kwa ulimi inapotakiwa kuwekewa mpaka juu ya ardhi.

Mashamba yetu ya alizeti na mtama ni nadra kuwa mstatili. Hupinda kuukwepa mwamba, hubanwa na njia ya ng'ombe, hupanuka kuelekea barabarani na kusinyaa yanapoteremkia mbugani. Yana pembe nne, lakini pande hazilingani.

Tutoe mfano tulioushuhudia, ingawa tarakimu tumezirahisisha ili msomaji atufuate. Mzee mmoja alifariki akaacha mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, bila mrithi mwingine. Madeni yalipolipwa, kaka alistahiki theluthi mbili na dada theluthi moja. Shamba lilikuwa na upana wa hatua 30 mbugani na hatua 150 barabarani, pande hizo mbili zikiwa sambamba, na baina yake hatua 120. Tukauchukua urefu huo, tukaugawa kwa tatu, tukamwekea dada mpaka kwenye hatua ya 40 kutoka mbugani. Dua ikasomwa, tukaagana hali tumeridhika.

Aliyetuzindua ni binti wa yule dada, mwanafunzi wa sekondari. Alikuja na daftari, akatuonyesha kwa adabu kwamba nusu ya jumla ya 30 na 150 ni 90, na 90 mara 120 ni hatua za mraba 10,800. Theluthi yake ni 3,600. Lakini kipande alichopewa mama yake kilianza na upana wa 30 kikaishia na 70, wastani 50, na 50 mara 40 ni 2,000 tu. Kwa ekari yetu ya hatua 70 kwa 70, mama yule alikuwa amepungukiwa takriban theluthi ya ekari. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Hata hivyo, onyo la Mtume (S.A.W.) kuhusu anayepora shibiri ya ardhi ya mwenziwe tunalisoma mara kwa mara, na sasa tulikuwa tumekwisha kujua.

Basi mpaka uwekwe wapi? Kamba haina jawabu, aljebra inalo. Tuseme uko umbali wa x kutoka mbugani. Shamba hupanuka hatua moja kwa kila hatua moja, kwa hiyo upana hapo ni 30 na x. Eneo la dada ni nusu ya x mara 60 na x, nalo lazima liwe 3,600. Kwa hiyo mraba wa x pamoja na x mara 60 ni sawa na 7,200. Chukua nusu ya 60, yaani 30. Mraba wake ni 900. Jumlisha na 7,200, upate 8,100. Kipeuo chake ni 90. Toa 30, zinabaki 60. Mpaka ni hatua ya 60, katikati kabisa ya urefu, jambo ambalo jicho lingelikataa.

Wako wazazi wanaoiita hesabu hii elimu ya kizungu na kuwaambia mabinti zao kuwa haiwahusu. Njia tuliyoifuata hapo juu ameifundisha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mjini Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake. Yeye hakutumia herufi x. Kisichojulikana alikiita kitu au mzizi, na mraba wake akauita mali, neno lile lile tunalolitamka kwenye mirathi. Uthibitisho wake aliuchora kwa miraba na mistatili. Kitabu hicho kina mlango wa kupima ardhi, na sehemu yake kubwa ni masuala ya wasia na mirathi. Faraidhi ilikuwamo tangu mwanzo.

Tuongeze jambo moja, maana mafundi wa kubishana ni wengi: hesabu hii hugawa eneo, haigawi rutuba. Udongo wa mbugani ukiwa bora kuliko wa juu, waitwe wakulima wanaojua kukadiria thamani, kisha hesabu ifuate makadirio yao.

Tulirudi kwa kaka yule tukiwa na haya, maana sisi ndio tuliokosea. Aliomba kwanza apime mwenyewe sehemu itakayombakia: upana 90 na 150, wastani 120, mara 60. Akapata 7,200, mara mbili ya 3,600. Alizeti yake ilikuwa bado haijavunwa. Baada ya mavuno aling'oa minyaa aliyokwisha kuipanda mpakani, akaisogeza juu hatua 20.