Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma: Sahani ya Aliyepasuliwa

Waheshimiwa,

Naomba radhi kwa kuwaandikia hadharani, kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu wenye wagonjwa kama linavyowahusu wenye idara.

Mwaka juzi shangazi yangu alipasuliwa tumbo katika hospitali ambayo sitaitaja jina. Madaktari walifanya kazi yao kwa ustadi. Ila tangu usiku wa kuamkia upasuaji alizuiwa kula na kunywa, upasuaji ukaahirishwa hadi siku ya pili, na alipotoka chumba cha upasuaji akakaa siku tatu kwa maji ya dripu tu, na ya nne akaletewa chai isiyo maziwa, ile iitwayo strungi, na vipande viwili vya mkate, kisha ugali kwa kabeji. Sisi jamaa zake, kwa hofu na kwa kutojua, tukachangishana tukamnunulia dukani kopo la unga wa virutubisho kwa fedha ambazo zingalilisha nyumba nzima juma zima, tukampa vijiko viwili kutwa kana kwamba ni hirizi. Jeraha lilichelewa kufunga, wala sidai kuwa njaa peke yake ndiyo iliyolichelewesha.

Mwili ukikatwa kwa kisu huwaka kwa ndani, na moto huo, ambao matabibu huuita inflamesheni, si adui mtupu, kwa kuwa ndio uitao askari wa damu kulilinda jeraha; walakini una gharama, nayo hulipwa kwa misuli ya mgonjwa mwenyewe, ambayo huyeyushwa ili ini lipate cha kuundia protini za vita na jeraha lipate cha kujishonea. Haya si maarifa mapya. Tangu miaka ya 1930 David Cuthbertson wa Glasgow alikwisha kuona, kwa kupima mkojo wa watu waliovunjika mifupa, jinsi mwili unavyojila. Na mwaka 1936 Hiram Studley, mpasuaji wa Cleveland huko Marekani, alionyesha kuwa miongoni mwa waliopasuliwa kwa vidonda vya tumbo, wale waliokuwa wamepungukiwa na zaidi ya sehemu moja kwa tano ya uzito wao walikufa mmoja katika kila watatu, hali wenzao hawakufika wanne katika mia. Kwetu nako, uchunguzi wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta karibu mgonjwa mmoja kwa watano akipata madhara baada ya upasuaji, na maambukizo ndiyo yaliyotangulia.

Wala makopo si jawabu la kila mtu. Mwaka 2013, katika utafiti mkubwa wa Kanada, Marekani na Ulaya, wagonjwa mahututi waliopewa kwa wingi kirutubisho kiitwacho glutamini walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Kopo lina mahali pake, hasa kwa mwenye saratani ya umio, maradhi yasiyo adimu huku kwetu magharibi mwa Kenya, ambaye hufika kwa mpasuaji akiwa amekonda kwa miezi ya kutoweza kumeza. Na mwenye kuliandika awe afisa wa lishe, si muuza duka.

Mgonjwa aliyepasuliwa mwenye kilo 60 huhitaji takriban gramu 90 za protini kwa siku. Yai moja lina 6, gilasi ya maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15, na konzi ya omena kavu ya gramu 50 haipungui 25. Nani asiyejua kuwa maziwa ya Trans Nzoia hupita alfajiri mbele ya malango ya hospitali, na kuku wa Chwele kule Bungoma husafirishwa hadi miji ya mbali? Nimeona ajabu, na ninakiri kuwa imenitia uchungu, kuwa katika ghala hili la mahindi mgonjwa aliyeshonwa hulishwa mahindi na majani peke yake.

Basi ninaomba mgonjwa apimwe uzito siku anapolazwa. Aruhusiwe maji meupe hadi saa mbili kabla ya upasuaji, maadamu daktari wa usingizi hana kizuizi. Aanze kulishwa siku ile ile au ya pili yake, mpasuaji akiridhia. Chakula chake kiandikwe katika chati ile ile ya dawa, na muuguzi atie sahihi kuwa kimeliwa. Na zabuni ya vyakula itaje mayai, maziwa, maharagwe na omena kwa gramu za kila mgonjwa.

Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo, mmoja wenu na aingie wadi ya upasuaji saa ya chakula cha mchana, bila kutanguliwa na mjumbe, atazame kilichomo sahanini.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Kiminini