Saa Tatu Bila Kuitaja Shinkolobwe

Tarehe 21 Julai 2023 Barbie ya Greta Gerwig na Oppenheimer ya Christopher Nolan ziliingia sinema siku moja, siku chache tu baada ya Mission: Impossible ya mwaka huo. Wengi walizitazama zote wikendi hiyohiyo, na Jumatatu mabishano yakawa ipi kali zaidi. Toleo hili lina swali jingine: kamera imeelekezwa wapi, na wapi imekataa kutazama?

Mission: Impossible ya Tom Cruise haitutesi sana. Anaruka na pikipiki kutoka juu ya jabali kule Norway, karuka mwenyewe, na pumzi zinakukata kweli. Ukitoka nje ya ukumbi umebaki na mruko huo tu.

Barbie ina bibi kizee aliyeketi kwenye benchi. Barbie, ambaye kwao hakuna anayezeeka, anamtazama, kisha anamwambia kuwa ni mzuri. Bibi anamjibu kwamba hilo analijua. Basi. Gerwig amesimulia kwamba alishauriwa kuikata sehemu hiyo kwa kuwa haisogezi hadithi, naye akagoma. Alifanya vyema mno. Hotuba ndefu inayokuja baadaye kuhusu madhila ya wanawake ina ukweli, lakini bibi yule alikwishayamaliza.

Kwa ufundi, Oppenheimer inazipita zote. Bomu la majaribio linapolipuka, mwanga unajaa kioo chote na sauti haipo. Tunasikia watu wakihema tu. Mshindo unafika baadaye, umechelewa kama unavyochelewa kwa mtu aliye mbali, na ukumbi mzima unashtuka. Huo ni uongozaji wa hali ya juu.

Lakini katika filamu hiyohiyo kuna gololi zinazodondoshwa ndani ya bakuli za kioo, kuonyesha urani na plutoni iliyokwisha kupatikana. Gololi zinaongezeka, bakuli zinajaa. Zimetoka wapi? Filamu haisemi. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, ambako Waafrika waliyachagua mawe yake kwa mikono. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alikwishasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, kabla jeshi la Marekani halijayaulizia.

Atatokea wa kusema kwamba filamu ya mtu mmoja haiwezi kubeba dunia nzima. Sawa, lakini hii ni filamu ya saa tatu, na sehemu kubwa imekwenda kwenye vikao vya kuhojiwa na kinyongo cha Lewis Strauss, hasimu wa Oppenheimer. Sentensi moja ingeenea. Watu wa Katanga wanazungumza Kiswahili kama sisi. Tusipoidai sentensi hiyo, hatuna wa kutudaia.

Kaitazameni Oppenheimer, tena kwenye kioo kikubwa, maana inastahili nauli na kiingilio. Kisha tuandikieni. Tutajieni tukio mlilolipenda au lililowaudhi, na mseme kwa nini. "Nzuri" au "mbovu" peke yake hatutachapa. Kurasa za wasomaji za toleo lijalo ziko wazi, na barua tunayoingoja kwa hamu kuliko zote ni ya kutoka Likasi, mji wa jirani na Shinkolobwe.