Gliserini bila maji haifai kitu

Ukipita Timau asubuhi ya baridi utawaona watoto wakienda shule mashavu yamewapasuka na midomo imewakauka. Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, na upepo wake wakati wa kiangazi ni mkavu mno. Wazazi wengi hukimbilia chupa ndogo ya gliserini.

Sina ugomvi na chupa hiyo. Gliserini imejulikana tangu 1779, mwanakemia Scheele wa Uswidi alipoitoa kwenye mafuta ya zeituni. Ni nzuri na ni rahisi. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoitumia, na hapo mimi mwenyewe nina hatia.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe mwenye mashavu yaliyopasuka. Nikamwambia, "Mpake gliserini," nikamwita mgonjwa mwingine. Wiki moja baadaye walirudi, mtoto amezidiwa, akilia kila aonapo chupa. Kumbe alikuwa akipakwa gliserini tupu kwenye ngozi kavu, kisha anatoka nje kwenye upepo. Kosa halikuwa la mama.

Kazi ya gliserini ni kuvuta maji na kuyashika. Mombasa, kwenye hewa ya unyevunyevu, huyapata hewani. Hewa ikiwa kavu kama ya Timau, huyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe, na yakifika juu upepo unayachukua. Tena ikiwa tupu huchoma palipopasuka.

Basi fanya hivi. Oga kwa maji ya uvuguvugu, wala usikawie. Jipanguse kidogo tu, ngozi ibaki na majimaji. Changanya sehemu moja ya gliserini na mbili za maji safi, kiasi cha siku hiyo tu, ujipake. Juu yake paka mafuta mazito ya mgando ili maji yasitoroke. Mikono irudie kila baada ya kufua au kuosha vyombo. Ngozi ikitoa usaha, au ikiwasha hata ukakosa usingizi, mwone daktari.

Wala usidhani bei ndiyo dawa. Geuza kopo la krimu ya bei ghali usome maandishi yake: mara nyingi ya kwanza ni maji, na gliserini haiko mbali. Maji hayo unayo nyumbani.

Kwa maoni yangu, daktari, mwuza dawa na mwenye duka wote wana wajibu mmoja. Anayempa mtu chupa ya gliserini asimwache aondoke kabla ya kumwambia habari ya maji. Ni maneno machache, na mimi niliyanyima mtoto yule wiki nzima.