Mali bila daftari: kisa cha mpiga fidla wa pauni 75

Mnamo 1984 bendi ya Scotland iitwayo The Bluebells ilitoa wimbo "Young at Heart". Fidla iliyomo ilipigwa na Bobby Valentino, mpigaji wa kukodiwa. Aliingia studio, akapiga, akalipwa pauni 75, akaenda zake. Wimbo ukafika nambari 8 katika chati za Uingereza.

Miaka 9 baadaye, mwaka 1993, wimbo huohuo ukatumika katika tangazo la magari ya Volkswagen. Ukatolewa upya, ukakaa nambari 1 kwa wiki 4. Hapo Valentino akauliza swali ambalo wapigaji wengi hulimeza: ile sauti ya fidla inayoufanya wimbo utambulike ni ya nani?

Robert Hodgens wa The Bluebells alishikilia kuwa yeye ndiye aliyeitunga. Mwaka 2002 Mahakama Kuu huko London iliamua vingine: Valentino ni mtunzi mwenza, na ana fungu lake la mapato ya tangu 1993. Rufani ya 2003 haikubadilisha kitu.

Ndugu msomaji, usikimbilie kusema kwamba kila mpigaji basi ni mtunzi. Sivyo. Mwaka 1966 wapigaji 8 wa fidla, viola na chelo waliitwa kurekodi "Eleanor Rigby" ya Beatles. Katika wimbo ule hakuna Beatle hata mmoja aliyegusa ala. Wapigaji wale wakalipwa ujira wa kawaida, karibu pauni 9 kila mmoja. Lakini noti zote walizopiga ziliandikwa na George Martin. Wao walitia ufundi wa mikono, hawakutunga lahani.

Tena yuko Stéphane Grappelli, gwiji wa fidla ya jazi. Mwaka 1975 aliombwa na Pink Floyd apige katika "Wish You Were Here". Alilipwa pauni 300, kisha fidla yake ikazamishwa hata haisikiki, na jina lake halikutiwa kwenye jalada. Ilibidi kungoja hadi 2011, alipokuwa ameshafariki miaka 14, ndipo watu wakasikia vizuri alichokipiga siku ile.

Kwa hivyo kuna haki mbili. Ya kwanza ni ya mtunzi, aliyeleta lahani. Ya pili ni ya mpigaji, aliyeitoa lahani hiyo kwa mikono yake. Mtu mmoja aweza kuwa nazo zote mbili, kama Valentino. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua zote. MCSK iliundwa kwa ajili ya watunzi na PRISK kwa ajili ya waimbaji na wapigaji. Sheria hiyohiyo yasema hakimiliki haihamishwi kwa mdomo. Lazima pawe na maandishi yaliyotiwa saini. Hukumu ya London haiwafungi majaji wetu, lakini swali lake ni letu pia.

Ni letu kwa sababu ya taarabu. Mshairi huleta beti, muimbaji huleta sauti, lakini ile ala inayofungua wimbo na kujaza nafasi baina ya beti, mara nyingi huzaliwa palepale kikundi kinapofanya mazoezi. Mpiga fidla hujaribu hivi, mpiga kodiani humjibu, wenzao wakasema "hapo hapo, usiiache!" Basi imekuwa. Kwenye kaseti hutiwa jina la muimbaji peke yake.

Zamani jambo hili halikuumiza sana, kwani kaseti iliuzwa, ikachakaa, ikasahauliwa. Leo kaseti hizohizo zinapandishwa YouTube, zinasikilizwa Muscat na Toronto, na matangazo yanapita juu yake. Mzee aliyepiga fidla ile huenda yuko hai, vidole vimekaza, na hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba alikuwako.

Wenye vikundi wana hoja yao, nayo si ya kupuuzwa. Husema: tulimlipa siku ileile, hasara ya studio ilikuwa yetu, mbona arudi wimbo ukishapata? Ni kweli, aliyelipwa kupiga alichoelekezwa amemaliza deni la utunzi. Lakini aliyeleta lahani yake mwenyewe ametoa kitu zaidi ya jasho la siku moja, na ujira wa siku moja haukinunui kimyakimya.

Dawa yake ni rahisi kuliko kesi. Kabla ya kurekodi, iandikwe karatasi moja: nani wamepiga, nani ametunga nini, pesa hizi ni za kazi ya leo au ni za kuuza haki yote. Kila mtu atie saini na abaki na nakala. Sisi Waislamu hatuna udhuru hapa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi. Kumwambia mwenzako "tuandikiane" si kumshuku, ni kuulinda udugu.

Valentino alihitaji miaka, mawakili na mahakama mbili kuthibitisha alichokifanya studio. Wapigaji wetu wangapi wana uwezo huo? Wahenga walishatwambia: mali bila daftari hupotea bila habari.