Gari likichemsha na watoto wamo ndani

Ni Jumamosi mchana kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Lori lenye mzigo linapanda taratibu, na nyuma yake inajivuta Corolla ya miaka mingi iliyobeba baba, mama, bibi na watoto watatu. Mshale wa joto uliokuwa katikati unaanza kupanda. Kabla ya kufika Rhotia, mvuke unatoka kwenye boneti. Baba anaegesha pembeni na kushuka, kitambaa mkono mmoja, chupa ya maji mkono wa pili. Watoto nao wanamfuata wakaone kuna nini.

“Baba Neema, usiufungue kwanza,” mama anamwambia.

Mama yuko sahihi. Injini inaweza kusubiri fundi hadi kesho, lakini mtu akishamwagikiwa maji ya rejeta usoni na kifuani, madhara yake huenda yakabaki mwilini maisha yote.

Kwa nini mfuniko ni hatari

Maji yaliyo kwenye sufuria huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa Dar es Salaam. Karatu, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro huchemka mapema zaidi. Rejeta huyazuia yasichemke kwa kuyafunga kwa presha chini ya mfuniko. Kwa hiyo ndani yake maji yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 na bado yametulia. Ukifungua, presha inatoka ghafla, maji yanageuka mvuke na kuruka juu. Kumbuka kwamba maji ya nyuzi 60 tu huunguza ngozi vibaya kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima.

Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha na washa hita hadi mwisho. Itawatoa jasho, lakini inavuta joto kutoka kwenye injini. Tafuta sehemu salama, egesha, zima gari. Watoto washuke upande usio na magari na wakae kivulini pamoja na mtu mzima, mbali na boneti na mbali na barabara. Usiwaache ndani ya gari lililofungwa juani, kwa sababu mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Subiri nusu saa au zaidi. Mpira wa juu wa rejeta ukishapoa kiasi cha kushikika, funika mfuniko kwa kitambaa kizito, geuza uso pembeni, uzungushe kidogo, acha presha iishe, kisha ndipo uutoe. Maji yaongezwe polepole. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, inaweza kupasuka.

Je, tatizo ni feni?

Land Cruiser nyingi za watalii zina feni inayozungushwa na injini yenyewe. Magari madogo kama Corolla na Carina yana feni ya umeme. Gari likikimbia kwenye tambarare, upepo unatosha kupoza rejeta hata feni ikiwa imekufa. Likipanda taratibu nyuma ya lori au likisimama kwenye foleni, upepo haupo, kazi yote inabaki kwa feni. Ndiyo maana gari linaweza kukimbia vizuri kutoka Makuyuni, kisha likachemsha mlimani. Ukiona joto linapanda likienda polepole na kushuka likishika kasi, ishuku feni kwanza.

Unaweza kuijaribu nyumbani kabla ya safari. Washa gari, kisha washa kiyoyozi. Kwa magari mengi feni inapaswa kuzunguka muda mfupi baadaye. Kama gari halina kiyoyozi, liache lingurume hadi mshale ufike mahali pake pa kawaida, usikilize kama feni inaanza na baadaye inakata. Ukifanya hivyo, mikono, kanga na mtandio viwe mbali. Feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe, kwa baadhi ya magari hata baada ya injini kuzimwa.

Isipozunguka, anza na kilicho rahisi. Angalia fyuzi yake. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ukubwa uleule. Kuweka kubwa zaidi, au kufunga kipande cha waya badala yake, ni kualika moto kwenye gari lenye watoto. Fyuzi ikiwa nzima, jaribu kubadilisha rilei na nyingine ya aina ileile kutoka kwenye kisanduku hichohicho. Kisha angalia plagi na waya, kwa kuwa vumbi jekundu la Karatu na matope ya masika huingia kwenye viungo, navyo hupata kutu.

Yanayobaki ni ya fundi umeme. Atapeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye feni. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka, kosa liko kwenye sensa ya joto, rilei au waya. Wapo wanaofunga swichi kwenye dashibodi ili dereva awashe feni mwenyewe. Inasaidia kufika nyumbani, lakini lazima ipitie fyuzi na rilei, na siku dereva akisahau kuiwasha, mnarudi palepale.

Kama feni haifanyi kazi, usipande kwenda geti la Lodoare. Baada ya geti barabara inaendelea kupanda msituni hadi ukingo wa kreta, na humo kuna nyati na tembo. Si mahali pa kushusha watoto wakasubiri injini ipoe.

Mtu akiungua

Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Yasiwe ya barafu. Vua pete, saa na nguo, isipokuwa nguo iliyoganda kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta, na usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke hospitali. Karatu ipo Hospitali ya Kilutheri na kituo cha FAME.  Mtoto aliyeungua uso, mkono au sehemu za siri apelekwe hata kama jeraha linaonekana dogo.

Jambo la mwisho ni lile dumu la kulanti lililobaki. Kulanti nyingi ina ladha tamu na ni sumu inayoharibu figo. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, usingoje aonyeshe dalili. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue alichokunywa.