Motokari ya Hibridi: Uliza Kwanza Batri



Siku hizi vijana wengi wanauliza: ile motokari yenye kutumia esansi na umeme pamoja, itatufaa hapa Bukavu? Inaitwa hibridi. Ya kwanza kuuzwa kwa wingi, Toyota Prius, ilitokea Japani mwaka 1997.

Ndani iko na mota mbili: moja ya esansi, nyingine ya umeme. Hauichomeki ukutani, kwa hiyo umeme ukikatika nyumbani yenyewe inatembea tu. Shofere akikanyaga freni, mota ya umeme inageuka dinamo na kujaza batri. Ikisimama, mota ya esansi inazimika yenyewe. Ndiyo sababu inafaa zaidi mjini. Kushuka kutoka Kadutu, kungoja ndani ya msongamano pa Place de l'Indépendance: pale pale motokari ya kawaida inapoteza esansi bure, hibridi inaiponyesha.

Tuhesabu kidogo. Prius ya mwaka 2010 inakunywa karibu litri 5 kwa kilometa 100. Corolla ya mwaka ule ule, karibu 8. Mwenye kutembea kilometa 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, anabakiza litri 75. Na kila litri ikiungua inatoa zaidi ya kilo 2 za gesi ya kaboni. Basi kwa mwezi mmoja, zaidi ya kilo 150 haziingii hewani.

Lakini usikimbilie. Motokari nyingi zinatufikia zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi, na batri kubwa inazeeka. Ikikufa, bei yake inaweza kumeza faida yote ya esansi. Tena Prius iko chini sana, na mashimo yetu unayajua. Nanyi vijana wa garaji, nyaya za rangi ya machungwa msiziguse bila kufundishwa: zinapitisha zaidi ya volti 200, zinaua.

Sisi watu wa machimbo tuko na neno lingine. Batri hizi ziko na nikeli na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, upande wa Kolwezi. Koltani, kama ile ya Numbi kule Kalehe, inatoa tantali ya vyombo vya elektroniki. Tukisifu hewa safi ya mji, tumuulizie pia mtoto anayebeba mawe badala ya kalamu. Mahali pake ni shuleni.

Asiye na feza ya hibridi naye asikate tamaa. Pima upepo wa mipira, zima mota wakati wa kungoja, majirani wapande motokari moja. Hayo nayo yanapunguza esansi.

Mwenye kutaka kununua, akae kwanza na watu wa nyumbani, wajibu maulizo matatu: Tunatembea kilometa ngapi kwa siku? Batri iko na miaka mingapi, na nani ameipima? Ikiharibika, nani hapa mjini ataitengeneza? Jibu moja likikosekana, feza ingoje.