MJOMBA ANATANIA, KUMBE UBONGO UNAKOSA DAMU

Jamani wasomaji wangu, mgonjwa akicheka msikimbilie kushangilia.

Mwaka jana mjomba wangu wa Mgeta alikuwa anapakia kabichi kwenye gari la sokoni, ghafla akashika kichwa: "Nani kanipiga rungu?" Hakuna aliyempiga. Akatapika, shingo ikakakamaa. Tukamteremsha milimani mpaka Morogoro mjini, kisha Dar es Salaam. Picha ikaonyesha mshipa umepasuka, damu imevujia juu ya ubongo. Presha anayo, vidonge alishavitupa siku nyingi.

Kwa sisi Waluguru mjomba si mtu wa mchezo. Basi siku ya tano alipoanza kunitania habari za mahari, ukoo mzima ukataka turudi nyumbani.

Daktari akakataa katakata. Akasema kuanzia siku ya nne mpaka ya 14 kuna hatari ya pili: damu iliyovuja huikera mishipa, inajibana, ubongo unakosa damu. Mgonjwa anapiga stori, kumbe ndani mambo yanaharibika.

Ipo mashine ya kugundua mapema. Nyaya hubandikwa kichwani kusoma umeme wa ubongo, kazi ambayo Mjerumani Hans Berger aliifanya kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924. Damu ikipungua, mawimbi ya haraka hufifia, ya polepole yanazidi. Wakati mwingine hilo huonekana saa nyingi kabla ya dalili.

Wodini kwetu haikuwepo. Mashine nilikuwa mimi. Kila nikiingia: "Shikamoo mjomba, hebu inua mikono." Naye: "Marahaba mjomba." Siku ya saba usiku nikamwamkia, akanijibu "shikamoo," na mkono wa kulia ukashuka wenyewe. Mbio kwa nesi! Wakamwongezea maji, wakaipandisha presha kwa makusudi ili damu ifike ubongoni. Vidonge vya nimodipini akaendelea navyo mpaka siku ya 21.

Leo yuko Mgeta, ila mkono umebaki mzito. Sijui mashine ingenitangulia kwa saa ngapi.

Watafiti walihesabu vifo vya kiharusi Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kati ya 1992 na 1995. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, viwango vilizidi vya Uingereza na Wales, na presha isiyotibiwa ndiyo waliyoishuku.

Wewe unayesoma, mara ya mwisho umepima lini? Tukutane wiki ijayo.